Darasa lenye ratiba au kozi ya kujisomea: ipi itakufaa ukisoma teknolojia ya afya mtandaoni ukiwa Moshi au Arusha?

Wauguzi, matabibu, watunza kumbukumbu na vijana wa TEHAMA wa miji hii miwili huniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti. Nikitaka kusoma teknolojia ya afya mtandaoni, nichukue darasa lenye ratiba, mwalimu na wanafunzi wenzangu, au nijisomee zile video kwa wakati wangu? Jibu langu la haraka ni hili: kozi ya kwanza ichukue kwenye darasa lenye ratiba, mradi saa zake ziendane na zamu zako. Ya pili na ya tatu jisomee. Ila jibu hilo lina masharti, na masharti hayo ndiyo yanayomfanya mmoja amalize na mwingine aachie njiani ada ikiwa imeshakwenda.

Tuelewane kwanza. Darasa lenye ratiba ni lile la kikao cha Zoom au Google Meet mara moja au mbili kwa wiki, kazi zina tarehe ya mwisho, na mkufunzi anakufahamu kwa jina. Kozi ya kujisomea ni kama zile za Coursera na edX, au zile za bure za DHIS2, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaobeba taarifa zetu za MTUHA, yaani taarifa za huduma zinazokusanywa vituoni: video zimerekodiwa, maswali yanasahihishwa na mashine, unaanza unapotaka. Masomo yenyewe hayatofautiani sana. Utakutana na kumbukumbu za wagonjwa za kielektroniki, takwimu za vituo, viwango vya kubadilishana taarifa kama HL7 FHIR, misimbo ya magonjwa ya ICD, na ulinzi wa taarifa.

Nani atakuuliza usipoonekana?

Mwaka 2019 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente kuhusu kozi za wazi za MIT na Harvard zilizokuwa edX. Katika mwaka wa masomo wa 2017/18, kati ya wote waliojiandikisha waliomaliza walikuwa asilimia 3.13. Kwa wale waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Wengi wanaojiandikisha bure huwa wanachungulia tu, kwa hiyo ile 3.13 isikutishe sana. Inayonisumbua mimi ni 46. Hawa ni watu waliotoa pesa yao, wakakusudia kumaliza, na bado zaidi ya nusu hawakufika.

Sioni kuwa sababu ni uvivu. Muuguzi anaanza Januari kwa moyo wote. Wiki ya tatu wodi inapungukiwa na watu, anafanya zamu mbili mfululizo, wiki ya nne kuna msiba Machame, wiki ya tano anafungua kozi anakuta yuko nyuma kwa video nane. Hakuna aliyemuuliza. Anafunga, anajiambia atarudi Jumapili. Kwenye darasa lenye ratiba, mkufunzi au mwenzake wa kikundi angemwandikia WhatsApp wiki ya tatu ileile: dada, mbona hatujakuona, kazi ya kikundi tumekuachia sehemu ya pili. Ujumbe huo mmoja umewarudisha watu wengi darasani kuliko makala yoyote ya jinsi ya kupanga muda.

Kama huna budi kujisomea, basi mtafute huyo mwulizaji mwenyewe kabla hujaanza. Mtu wa kitengo kimoja nawe, anayesoma kozi ileile, mkae nusu saa kila wiki siku ileile. Ndugu wa nyumbani anaweza kukutia moyo, lakini hawezi kukuuliza swali la pili.

Kusahihishwa na mtu, kusahihishwa na mashine

Hapa ndipo tofauti ni kubwa kuliko kwingine kote, na ndiyo sababu yangu kuu ya kupendekeza darasa kwa anayeanza.

Chukua chanjo. Mwanafunzi anaingia kwenye DHIS2 ya mazoezi, ile yenye takwimu za Sierra Leone ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichezea bure. Anatengeneza chati ya chanjo ya surua kwa watoto wa chini ya mwaka 1, anakuta kituo kimoja kimevuka asilimia 100. Kwenye kozi ya kujisomea swali litakuwa: kiashiria hiki kinakokotolewaje? Atajibu kwamba ni watoto waliochanjwa kugawanya kwa watoto waliotarajiwa, zidisha kwa 100. Anapata alama zote, anasonga mbele.

Darasani mkufunzi mzuri hamwachi aende. Anauliza: hao watoto wa ziada wametoka wapi? Muuguzi wa Majengo anafungua maiki, anaeleza kwamba kliniki yake inapokea akina mama wa Pasua na hata wanaoshuka kutoka Kibosho siku za soko, ilhali idadi ya watoto waliotarajiwa imekadiriwa kutoka kwenye sensa kwa eneo la kituo peke yake. Wa Ngaramtoni anaongeza kuwa kwake shida iko kwenye tali, ile karatasi ya kuweka alama kwa kila dozi: dozi ya surua-rubela ya miezi 9 na ile ya miezi 18 zinawekewa alama safu moja siku kliniki ikifurika. Wa tatu anauliza nani alijumlisha, na kama kuna mtu alirudi kwenye rejesta kuhakiki. Ndani ya dakika kumi wote wamejifunza kwamba namba moja iliyovuka 100 inaweza kuwa na sababu tatu tofauti, na kila sababu inatibiwa kwa njia yake: moja kwa kurekebisha makadirio, nyingine kwa kumfundisha mtu wa tali, nyingine kwa uhakiki kabla ripoti haijaondoka kituoni. Maswali ya kuchagua hayakufikishi huko.

Au chukua kumtambua mgonjwa. Kozi nyingi za nje hufundisha kwamba mfumo unamlinganisha mtu kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Sasa kaa kwenye dawati la mapokezi Moshi, andika Massawe, Mushi au Kimaro kwenye dirisha la kutafutia, uone orodha inavyoshuka. Tarehe ya kuzaliwa? Bibi aliyetoka Rombo anajua mwaka kwa kukadiria, karani anaweka 1 Januari kwa sababu mfumo haumruhusu kuacha wazi, na bibi anayefuata foleni naye anazaliwa 1 Januari. Simu ni ya mjukuu, na mjukuu ana bibi wawili. Namba ya NIDA imebaki nyumbani kwenye sanduku. Matokeo yake mtu mmoja ana mafaili matatu, au mbaya zaidi, watu wawili wanachangia faili moja, na mzio wa dawa wa mmoja unasomwa kwenye ukurasa wa mwingine. Mwanafunzi aliyewahi kukaa kwenye dawati hilo analijua tatizo kuliko aliyetengeneza kozi. Anachohitaji ni mtu wa kumsaidia kuligeuza kuwa maelezo ya kitaalamu: sheria gani za ulinganishaji, sehemu zipi ziwe za lazima, nani aruhusiwe kuunganisha mafaili mawili. Kazi hiyo inahitaji mazungumzo na mtu.

Kwa upande mwingine, kozi ya kujisomea inashinda kabisa kwenye mambo ya kurudiarudia. SQL (lugha ya kuuliza hifadhidata), fomula za Excel, kutengeneza dashibodi, kuelewa muundo wa ujumbe wa FHIR: haya unayataka kwenye video unayoweza kuirudisha nyuma mara tano bila aibu. Darasani mkufunzi ataeleza mara moja, mara mbili, kisha ratiba inamsukuma mbele.

Saa

Wengi hulinganisha ada wakasahau saa, na saa ndizo zinazowamaliza.

Darasa la New York la saa 1 jioni linaanza Moshi saa 8 usiku, na kwao kukiwa majira ya baridi ni saa 9 usiku. Kwa mtu anayeingia wodini asubuhi, hilo halisomeki, hata awe na bidii ya namna gani. Darasa la Oslo la saa 9 alasiri kwetu ni saa 10 jioni wakati wa kiangazi chao na saa 11 jioni wakati wa baridi. India ni nafuu zaidi: saa 2 usiku kwao ni saa 11:30 jioni kwetu, na saa zao hazibadiliki mwaka mzima. Marekani hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Tarehe hizo ziandike ukutani. Sisi hatubadilishi, kwa hiyo kikao ulichokizoea kinahama saa nzima bila mtu kukuambia, na mara nyingi kinahama katikati ya muhula.

Tarehe za mwisho nazo zina hesabu yake. Ukiona kazi inafungwa saa 23:59 kwa saa za New York, kwetu ni saa 12:59 asubuhi ya siku inayofuata, au saa 1:59 asubuhi wakati wa baridi yao. Hiyo ni nafasi nzuri kwa anayetoka zamu ya usiku akiwa na faili tayari la kupakia. Ikiwa ni 23:59 kwa saa za UTC, yaani saa ya kimataifa, kwetu ni saa 8:59 usiku. Hapo jiwekee mwisho wako mwenyewe saa 3 usiku, ukijua kwamba umeme au mtandao ukikatika bado una nafasi ya kwenda kwa jirani.

Kwa mtu wa zamu zinazobadilika kila wiki, hapa kozi ya kujisomea ina haki yake. Kama msimamizi wako hawezi kukupa jioni mbili za kudumu kwa wiki, usilipie darasa lenye mahudhurio ya lazima. Muombe kwanza, kwa barua yenye tarehe za vikao, kabla ratiba ya zamu ya mwezi haijabandikwa. Wasimamizi wengi hukubali wanapoombwa mapema. Wanachokataa ni kuambiwa siku yenyewe.

Bando, umeme na kifaa

Kikao cha Zoom cha saa 1 chenye picha za watu wengi kinaweza kula karibu GB 1. Zima kamera, muombe mkufunzi atume slaidi kabla, na matumizi yatashuka sana. Kozi ya kujisomea ni rahisi kuibana: pakua video kwenye simu usiku kwa bando la usiku, tazama kesho ukiwa kwenye Coaster kati ya Moshi na Arusha bila kutumia hata MB moja. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, umeme ukisumbua, anayejisomea anasubiri tu. Wa darasani anahitaji laptopu iliyojaa chaji na simu ya kugawa intaneti.

Kuhusu kifaa nitasema wazi: simu peke yake haitoshi kwa fani hii, uchague njia yoyote. Inatosha kutazama na kujibu maswali. Haitoshi kupanga dashibodi wala kusafisha faili la Excel lenye mistari elfu tano. Laptopu iliyotumika yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inafaa kwa karibu kila kitu, na kama pesa hazitoshi vyote viwili, nunua laptopu kwanza na usome kozi za bure mwaka huu. Mwenye nyumba yenye kelele ajue kuwa maktaba za mkoa, Moshi na Arusha, zina meza tulivu mchana, ingawa darasa la jioni halitakuta milango wazi.

Kozi ya nje na sheria ya hapa

Hili linagusa pande zote mbili, lakini wa kujisomea anaumia zaidi kwa kuwa hana wa kumwambia.

Kozi za Marekani zitakufundisha HIPAA, sheria yao ya 1996 inayolinda taarifa za wagonjwa. Ijue, itakuja kwenye mtihani. Ila kazini kwako hospitali ya Mawenzi, KCMC au Mount Meru inayokuhusu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, ambayo inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Maana yake kwa mwanafunzi ni ya moja kwa moja: usipige picha ukurasa wa rejesta ukaupakia kama mfano kwenye kazi yako, hata ukifuta jina. Kijiji, umri na ugonjwa vinatosha kumtambulisha mtu kwa anayemfahamu. Tengeneza wagonjwa wa kubuni, au tumia zile takwimu za mazoezi za DHIS2. Kwenye darasa zuri mkufunzi atakukamata mapema. Mashine itaipokea picha hiyo na kukupa alama.

Misimbo ya magonjwa nayo inahitaji jicho. Marekani wanatumia ICD-10-CM, toleo lao lililopanuliwa kwa ajili ya malipo na takwimu zao, lenye misimbo mingi kuliko ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani. Na ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022. Malaria isiyotajwa aina ni B54 katika ICD-10. Malaria ya falsiparum katika ICD-11 ni 1F40. Video iliyorekodiwa 2018 haitakuambia habari za ICD-11 kama mfumo unaotumika. Angalia tarehe ya kurekodiwa kabla hujapenda sauti ya mwalimu.

Ada na cheti

Kozi za msingi za DHIS2 ni bure na cheti chake ni bure. Coursera wana msaada wa ada kwa anayeomba kwa maelezo ya kweli. Jibu huchukua takriban wiki mbili, kwa hiyo omba kabla hujawaahidi wenzako tarehe ya kuanza. Madarasa yenye ratiba kwa kawaida ni ghali zaidi, na unacholipia kwa kweli ni muda wa mkufunzi.

Mwajiri wa serikali hatakupandisha daraja kwa cheti cha kumaliza kozi ya wiki sita, kitoke chuo chochote kile duniani. Ukitaka sifa ya kupanda daraja, unahitaji tuzo kamili: shahada inayotambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), au astashahada na stashahada chini ya baraza la elimu na mafunzo ya ufundi (NACTVET). Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kina vituo Moshi na Arusha, na kwa mtu asiyeweza kuacha kazi ni mlango wa kuulizia kwanza. Ukiwa na shahada ya nje uliyoisoma mtandaoni, itabidi ipelekwe TCU kutambuliwa, na ni busara kuuliza kabla ya kulipa muhula wa kwanza. Wauguzi waulize pia kama kozi inahesabiwa kwenye pointi za kujiendeleza za baraza lao. Cheti kifupi kina kazi nyingine: kinakupa la kuonyesha unapoomba kuhamia kitengo cha takwimu, hasa ukiambatanisha kazi uliyoifanya kwa mikono yako.

Nani achague nini

Muuguzi au tabibu mwenye jioni mbili za uhakika na asiyewahi kugusa fani hii: darasa lenye ratiba, bila kusita. Unajua wagonjwa, unajua rejesta, unachokosa ni mtu wa kukuonyesha kwamba unachokijua ndicho kiini cha fani.

Kijana wa TEHAMA aliyemaliza chuo Arusha, anayeandika programu tayari: jisomee FHIR na DHIS2, kozi za mtandaoni zinakutosha. Lakini omba kujitolea mwezi mmoja kwenye zahanati au kituo cha afya, ukae na anayejaza Kitabu cha 5 cha MTUHA, rejesta ya wagonjwa wa nje. Bila hivyo utatengeneza fomu nzuri ambazo hakuna muuguzi atakayeweza kuzijaza akiwa na foleni ya watu sitini.

Mtunza kumbukumbu anayeingiza takwimu kila mwezi: una bahati kuliko wote, kwa sababu kila somo unaweza kulijaribu kesho asubuhi kazini. Jisomee kozi za DHIS2, ukiwa na mwenzako mmoja wa kukuuliza, kisha ingia darasa lenye ratiba kwa uchambuzi wa takwimu.

Mwenye zamu zisizotabirika: jisomee, lakini kozi moja tu kwa wakati mmoja.

Ukishaamua kulipia darasa, waandikie wahusika maswali matatu kabla ya kutuma hata shilingi. Vikao ni saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki, na nikikosa kimoja kwa sababu ya zamu natazama wapi rekodi? Nani atasoma kazi zangu, na maoni yake yanarudi baada ya siku ngapi? Kazi ya mwisho ni ipi? Ukijibiwa kwamba kazi ya mwisho ni kuchambua tatizo la kituo chako na kulitetea mbele ya wenzako, lipa. Ukijibiwa kwamba ni maswali hamsini ya kuchagua, hiyo ni kozi ya kujisomea inayouzwa kwa bei ya darasa, na ile ya bure itakufaa vilevile.